Santuri ya Pili ya Zai

Mwezi uliopita nilialikwa harusini na mwanamke ambaye sikuwa nimesema naye kwa miaka arobaini, na nilikwenda kwa sababu moja tu: nilitaka kuona jinsi alivyozeeka. Ujumbe uliingia kwenye simu asubuhi nikiwa naosha vikombe katika nyumba yangu ya kupanga kule Tassia, orofa ya tano, ambako maji huja siku mbili kwa wiki na majirani hujuana kwa viatu vilivyoachwa mlangoni. Mjukuu wa Zaituni anaolewa. Nyumbani ni Donholm, Jumamosi, na ngoma ya wanawake itaanza baada ya swala ya adhuhuri. Chini kabisa palikuwa na maneno mengine, bila shaka yameandikwa na mtoto aliyeamrishwa: Nyanya anasema usikose. Nilisimama na ile simu mpaka povu likakauka vidoleni. Zaituni hakunitafuta nilipostaafu, hakuja nilipolazwa, na sasa alikuwa ananiamuru kupitia kwa mtoto. Nikasema siendi. Kufika jioni nilikuwa nimeshapiga pasi dera langu.

Waliokulia Majengo, Kaloleni au Jericho miaka ile wanamkumbuka Zaituni kwa jina alilojipachika mwenyewe, Zai, na wakimtaja hutabasamu na kuimba kipande cha santuri yake ya kwanza. Hiyo sina ugomvi nayo. Ilikuwa santuri safi, magitaa mawili, ngoma zilizopigwa na mtu mwenye mikono, na sauti ya Zai ikipita juu yake bila kujikaza. Ugomvi wangu ni na santuri ya pili, ile aliyoiita Umeme, ambayo naweza kuapa ni moja kati ya vitu vibaya zaidi vilivyowahi kutoka Eastlands, mitaa yetu ya mashariki ya jiji, na mimi nimekaa karibu na jaa la Dandora kwa hiyo nasema ninachokijua. Upande wa kwanza ulikuwa wa kucheza disko. Upande wa pili ulikuwa wa kile walichokiita wimbi jipya, muziki wa vijana wa Uingereza, wenye vinanda vya umeme na waimbaji wanaoimba wamekunja nyuso kana kwamba wamelazimishwa. Pande hizo mbili hazikujuana. Ukimaliza mmoja na kuigeuza santuri, ungedhani amekuja mwimbaji mwingine, na kusema kweli ungetamani iwe hivyo.

Naandika juu ya mwaka ule, mwaka wa ukame na unga wa manjano wa msaada, kwa sababu ndani ya takataka zile kulikuwa na wimbo wangu. Niliutunga nikiwa na miaka kumi na minane, kwa ajili ya harusi ya dada yangu Mariamu. Kwetu Majengo harusi ilikuwa haijakamilika mpaka bibi harusi apate wimbo wake mwenyewe. Wanawake walikusanyika uani mchana, mmoja akishika sinia na kuligonga kwa kijiko, mwingine akianza kuimba, na waliobaki wote wakiitikia. Kuitikia hakukuwa hiari. Mwanamke akikaa kimya sinia likigongwa, watu walijua ana neno na wenye nyumba, na kabla ya pilau kuiva habari ilikuwa imeshafika mtaa wa pili. Wimbo wa Mariamu ulikuwa na beti tatu. Wa kwanza ulikwenda hivi:

Fungueni huo ua, wageni wako njiani,
Mkeka umechanua, udi wanukia ndani.

Ubeti wa pili uliwasifu wakwe, kwa sababu wakwe lazima wasifiwe hata kama hawajafanya kitu. Wa tatu ulikuwa wa Mariamu mwenyewe, jina lake likiwa neno la kwanza, na huo nitauandika mahali pake. Mariamu aliposikia ubeti ule alicheka, kisha akalia, kisha akanigombeza kwa kumharibia wanja. Aliolewa mwezi wa tano. Januari iliyofuata alikufa akijifungua, yeye na mtoto.

Siku ya arobaini yake, wanaume wakisoma nje chini ya turubai, Zai alinifuata jikoni nilikokuwa nachambua mchele. Tulikuwa tumeimba pamoja tangu utotoni, yeye akianza mimi nikiitikia, na katika ile santuri ya kwanza sauti ya pili inayomfuata ni yangu. Alikaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akatia mkono kwenye ungo wangu na kuanza kunisaidia kutoa mawe. Jikoni kulikuwa na moshi na masufuria makubwa ya kuazima, na nje tulisikia shangazi wawili wakibishana kwa sauti ya chini kuhusu nani aliyeleta iliki. Zai alitoa jiwe moja, kisha akaniita kwa jina langu la utotoni bila kuniangalia.

"Hali, nipe wimbo wa Mariamu niutie kwenye santuri mpya."

"Ule ni wa harusi. Si wa madukani."

"Ndiyo maana. Harusi ni siku moja. Santuri inabaki. Watu watakuwa wanasikia jina lake hata sisi tukiwa hatupo."

"Beti zote tatu?"

"Zote tatu. Wallahi."

Alisema wallahi mkono wake ukiwa ndani ya mchele wa hitima ya dada yangu. Nilimpa. Sikutaka kingine chochote kutoka kwa santuri ile, wala picha yangu kwenye jalada, wala jina langu. Nilitaka mtu akiwasha redio Kisumu au Machakos asikie Mariamu akitajwa. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa na niliamini kwamba jina likishapita redioni haliwezi kufa.

Zai alikuwa amepata mtayarishaji mpya, kijana wa Buruburu aliyeitwa Tito, ambaye alikaa London miezi kumi na minane akarudi na kinanda cha umeme, mashine ya kupiga ngoma na mafua yasiyoisha. Mvua ya masika haikunyesha mwaka ule, vumbi lilikuwa mpaka kwenye meno, na Tito alikuwa anatembea na koti refu jeusi. Alikodi chumba Dandora katika nyumba ambayo mwenyewe alikuwa bado anaijenga, kuta hazina plasta, trei za mayai zimegongomelewa pande zote ili sauti isitoke. Sauti ilitoka. Upepo ukigeuka, harufu ya jaa nayo iliingia, na Tito alifunga dirisha akisema kwamba London hakuna harufu. Tulikuwa watatu humo ndani, na joto, na stovu ya mafuta ya taa iliyochemsha chai mchana kutwa. Chakula kilikuwa ugali wa manjano wenye harufu ya gunia na matumbo ya kibandani, isipokuwa Zai aliyekuwa ameambiwa kwamba waimbaji wa wimbi jipya ni wembamba. Mtu aliyekulia biriani akawa anamenya machungwa. Nilimwangalia akinyonya vipande vyake huku macho yakiwa kwenye sahani yangu, na sikumhurumia hata kidogo.

Mwenye nyumba alikuwa Mama Wambui, aliyeuza mboga upande wa pili wa ukuta. Alikuwa na maoni juu ya kila kitu na hakuwa na haja ya kuja kwetu kuyatoa, kwa kuwa ukuta ulimsaidia. Siku ya kwanza Zai alipojaribu ile sauti ya kukunja uso, tulimsikia akimuuliza mteja wake, "Huyo msichana anaimba ama ni mgonjwa?" Mteja akasema anaimba. "Basi wampeleke hospitali tu," Mama Wambui akasema, "hiyo si kuimba ya mtu mzima." Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Tito hakucheka. Alisema watu wa Eastlands wako nyuma miaka kumi, na Zai akatikisa kichwa kukubali, yeye aliyezaliwa nyuma ya msikiti wa Majengo.

Nyimbo zenyewe ziliingia moja moja, kila moja ikiifanya iliyopita ionekane afadhali. Kulikuwa na ya disko iliyokuwa na maneno manne, na matatu kati ya hayo yalikuwa cheza. Kulikuwa na moja kuhusu msichana anayengoja simu ya mpenzi wake, na mtaani kwetu simu ilikuwa moja, kwenye kibanda, na haikuwa na mkono wa kusikilizia. Kulikuwa na ya Kiingereza kuhusu theluji. Zai hakuwa ameona barafu nyingine zaidi ya ile inayouzwa imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, lakini aliimba kwa uchungu mkubwa kwamba theluji imeangukia moyo wake. Nilimuuliza anajua theluji ni nini. "Ni hisia," akasema. Kinanda kilikuwa kikilia nyuma yake kama ambulensi, na yeye akihesabu kwa vidole ili asipitwe na mashine, kwa sababu mashine haimngoji mtu. Yule aliyekuwa akiwafanya wapiga gitaa wamfuate sasa alikuwa anakimbizana na kisanduku cha plastiki, na hata aibu hana.

Zamu ya wimbo wa Mariamu ilipofika nilibeba sinia la mama, lile lile lililogongwa harusini, nikalipeleka Dandora nimelifunga na khanga. Tito alilipiga mara mbili kwa ukucha, akasema lina kelele, akapanga juu yake vikombe vya chai. Likakaa hapo tangu mwezi wa sita, sinia la harusi ya dada yangu, likibeba vikombe vya Tito vyenye majani yaliyoganda chini. Mashine ikachukua kazi yake. Nilisema kidogo, nikaacha, kwa sababu jina lilikuwa bado limo na hilo ndilo nililokuwa nalilinda. Kisha alasiri moja, tukiwa tumechoka sote, Zai akauanza ubeti wa kwanza akakwama makusudi kwenye neno la mwanzo na kulikata mkia. Fu-fu-fu-fungua. Mashine ikamjibu. Akarudia, fu-fu-fu-fungua, mabega yakiruka kama mtu aliyeshikwa na kwikwi. Nilidhani anatania. Tito aliruka kutoka kitini na koti lake, akasema hilo ndilo, hilo ndilo lenyewe, na kutoka siku hiyo wimbo wa Mariamu ukawa na kwikwi mwanzo, kati na mwisho.

Nieleze jambo moja hapa ambalo wakati huo sikulipa uzito. Wiki moja baadaye nilifika mapema, nikakaa peke yangu kwenye kile chumba, na kupitia ukutani nikamsikia Mama Wambui akikatakata majani ya sukuma kwa mdundo ule, fu-fu-fu, kisu kikigonga ubao, halafu anaimba neno fungua kwa lafudhi yake ya Murang'a. Wateja wake wawili walikuwa wanaitikia. Hakuna aliyewaambia waitikie. Nilimwona mshamba tu. Muuza mboga anajua nini habari ya nyimbo, nikajiambia, mimi msomi wa kidato cha nne niliyefeli hesabu.

Tulirekodi mwezi wa nane, kwenye studio ya Industrial Area, ndani ya jengo lililokuwa na ghala la sabuni chini. Kuta zilikuwa zimepigwa zulia la kahawia, palinuka sigara na sabuni ya mche, na Tito alikaa nyuma ya kioo na fundi wa mitambo. Alikuwa amekuja na vikombe vyake na sinia langu pia, akiwa ameshazoea. Tulipoufikia wimbo wa Mariamu, sauti yake ilitoka kwenye spika.

"Ubeti wa tatu unatoka."

"Unatoka kwenda wapi?" nikauliza.

"Unatoka tu. Hapo mashine inapiga peke yake, watu wanacheza."

"Huo ndio wenye jina la dada yangu."

"Na uko na chakula," akasema, na fundi akacheka. "Dadangu, hii ni wimbi jipya. Huwezi kuweka mambo ya jikoni. Wazungu watatucheka."

"Wazungu gani?"

Hakuna aliyejua ni Wazungu gani. Mpaka leo sijawaona. Nikamgeukia Zai. Alikuwa amevaa visikilizio, sikio moja ndani na jingine nje, kwa hiyo alikuwa amesikia kila kitu. Aliangalia viatu vyake, vyekundu, vyenye ncha, alivyovinunua kwa ajili ya picha ya jalada. Nilingoja. Nilimpa muda wa kutosha mtu kusema wallahi mara kumi. Mwishowe akasema, "Hali, itikia tu. Tumalize."

Fundi akawasha utepe, taa nyekundu ikawaka, mashine ikaanza. Zai akaita, fu-fu-fu-fungua, na zamu yangu ikafika, nami nikanyamaza. Akaita tena. Nikanyamaza tena, mbele ya kipaza sauti, mdomo nimeufunga. Tito alidhani nimesahau maneno. Zai alijua, kwa sababu alilelewa kwenye nyua zile zile nilizolelewa. Alivua visikilizio akaviweka shingoni, akaniuliza polepole, "Unaninyima, Hali?" Nikamwambia nakunyima. Nikachukua sinia la mama, nikamwaga vikombe vya Tito juu ya zulia, nikateremka ngazi mpaka kwenye ghala la sabuni na kutoka nje. Nilitembea Barabara ya Jogoo mpaka nyumbani, sinia kwapani, na jua la mwezi wa nane halina joto lakini nilitoka jasho njia nzima.

Santuri ilitoka Desemba. Kwenye jalada Zai amevaa tai ya mwanamume, nywele zimenyolewa upande mmoja, jicho moja limepakwa rangi ya waridi, amesimama karibu na reli kana kwamba amepotea. Redio iliupiga ule wimbo wa simu kwa wiki mbili, ikachoka. Katika wimbo wa Mariamu, mahali pangu, Zai anajiitikia mwenyewe. Niliusikia mara moja kwa jirani, nikacheka kwa sauti ili wote wanisikie, nikaondoka kabla haujafika mwisho. Madukani santuri zilibaki zimepangwa mpaka jua likazipinda. Tito alirudi alikotoka. Zai alikwenda Mombasa kuimba hotelini, na habari zake zilipokuwa mbaya nilizisikiliza kwa makini kuliko zilipokuwa nzuri. Mimi sikuimba tena. Nilipata kazi ya ukarani wa mafaili, nikakaa nayo miaka thelathini, na kila harusi niliyokwenda nilikaa karibu na mlango nikisema koo linanisumbua. Watu wakiniuliza kwa nini niliacha, niliwasimulia habari ya Tito na vikombe na viatu vyekundu. Nilikuwa nasimulia vizuri. Kila mara walikasirika pale nilipotaka wakasirike, na nilirudi kwenye mafaili yangu nimeridhika.

Kwa hiyo nilifika Donholm nikiwa na hadithi yangu tayari. Turubai lilikuwa limefungwa uani kati ya nyumba mbili, mikeka imetandikwa, viti vya plastiki vimepangwa kwa ajili ya wenye magoti mabovu. Zai alikuwa kwenye kimojawapo. Kiharusi kilimpata miaka michache iliyopita, upande mmoja wa mdomo umelegea, fimbo imeegemea paja, lakini ngozi yake bado ilikuwa nyororo na macho bado makali. Alikuwa amezeeka vizuri kuliko nilivyotarajia, jambo lililoniudhi. Alinitolea salamu, nikairudisha, kwa kuwa salamu ni ya Mungu na haina ugomvi. "Umekuja," akasema. "Niliitwa," nikasema. Nikaketi kiti cha tatu kutoka chake, nikaletewa soda na sambusa.

Wasichana walianza na nyimbo za siku hizi, halafu mmoja wao, binamu ya bibi harusi, mwenye hina mpaka kwenye viwiko, akachukua sinia na kijiko. Aligonga mara nne. Kisha akaita, fu-fu-fu-fungua, na ua mzima ukaitikia. Wakubwa kwa watoto. Nikaiweka sambusa chini. Sikuwa najua wimbo ule ulirudije harusini, nani aliuokota kwenye santuri ile mbovu akaurudisha uani, lakini ulikuwa umerudi siku nyingi, kwa maana hata watoto waliujua. Waliimba mstari mmoja wa ubeti wa kwanza tu, Fungueni huo ua, halafu wakarudi kwenye kwikwi, na wakikwikwisha ndipo walipofurahi zaidi, mabega yakiruka vile vile. Wakwe hawakuwemo. Mariamu hakuwemo. Hasira ya miaka arobaini ikaniinua kitini.

"Wimbo huo una mwenyewe," nikasema.

Kijiko kikasimama. Yule msichana akaniangalia kwa adabu. "Pole, anti. Ni wa nani?"

"Wangu. Na una beti tatu, si hizo kelele tu."

"Acha, anti. Ni wewe?" Akawageukia wenzake. "Wasichana, tulieni kidogo, anti ako na ile orijino. Si utuimbie zote, anti. Sisi tutakushikia."

Akanipa sinia. Lilikuwa jepesi, la siku hizi. Niliimba ubeti wa kwanza na sauti yangu ilitoka na kutu, lakini ilitoka, nao wakaitikia. Ubeti wa pili ulisitasita, nikawakumbuka wakwe mmoja mmoja, nikaumaliza. Kisha nikaimba, "Mariamu," na baada ya hapo hapakuwa na kitu. Nikarudia jina. Nikaendelea kugonga, nikingoja maneno yaje yenyewe kama yalivyokuja yale mengine, na hayakuja. Nilikuwa na kila kitu cha siku ile ya studio, rangi ya zulia, harufu ya sabuni, vikombe vilikuwa vitano. Ubeti wenyewe sikuwa nao. Kwa miaka arobaini nilikuwa nimesimulia jinsi ulivyokatwa, na sikuweza kukumbuka hata siku moja niliyokaa nikauimba. Niliona aibu mbele ya watoto wa watu, aibu kamili, nikashusha kijiko.

Ndipo Zai akaanza kuimba kutoka kwenye kiti chake. Hakuniangalia. Mdomo ulikuwa unamsumbua na herufi zilimtoka nusu nusu, lakini mdundo wake ulikuwa palepale.

Mariamu ukitoka, acha mlango u wazi,
Siku ukija kuchoka, rudi ule maandazi.

Wanawake wakacheka, kicheko kile kile cha harusi ya kwanza. Bibi harusi, aliyekuwa amekaa katikati amefunikwa leso, akainua uso. "Kumbe hiyo ya maandazi ni ya huu wimbo?" akasema. "Nyanya hutuimbia hiyo kila asubuhi akikanda unga. Tangu tukiwa wadogo. Hata sisi huiimba." Kisha akauliza jambo ambalo inaonekana hakuna mtoto wa nyumba ile aliyewahi kujibiwa. "Nyanya, huyo Mariamu ni nani?"

Zai aliinua fimbo yake, akaninyooshea ncha yake. "Muulize huyo," akasema. "Mimi niliambiwa tu nisiache jina lake lipotee."

Sikuwahi kumwambia maneno hayo. Ahadi ile aliiapa mwenyewe, jikoni, mkono ndani ya mchele. Wote walikuwa wananiangalia, na yule msichana wa hina alikuwa amejisogeza karibu.

"Ni dada yangu," nikasema.

Santuri ile ilikuwa mbovu, na nitasema hivyo mpaka nizikwe. Theluji ile, simu ile, tai ile, hakuna hata kimoja ninachokisamehe. Zai aligonga mguu wa kiti kwa fimbo, mara nne, akaita, fu-fu-fu-fungua, na safari hii aliniangalia usoni akingoja. Nikaitikia, na kwikwi zake zote.